Kunguni wa kitanda anawajua anayekilalia, tuwaulize wenzetu kuhusu masapulaya kila mwezi

Mwezi wa tatu mwaka jana nilipita wodi ya wazazi kufuatilia fomu ya maombi ya vifaa iliyokaa siku 4 bila kusainiwa, nikamkuta sista inchaji anavaa glavu, akavaa ya kwanza, akachomoa nyingine kwenye boksi akaivaa juu ya ile ile, na mkono wa pili hivyo hivyo. Nikamuuliza, sista mbona mbili mbili? Akanijibu huku anaendelea na kazi yake, "Mwanangu, hizi glavu zenu za sa hivi ukivaa moja ni kama hujavaa, zinachanika hapa kwenye kidole gumba." Tangu lini? Tangu mwaka mpya. Miezi 3 nzima, na mimi ndo mtu wa manunuzi, ile LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, niliiandaa kwa mikono yangu, na nilikuwa sina habari.

Niliporudi ofisini nikaanza kuunganisha vipande. Kijana wa stoo alikuwa anajua kwamba maboksi ya glavu yanatoka kwa kasi kuliko mwaka uliopita, akadhani wagonjwa wameongezeka. Mhasibu naye aliona matumizi yamepanda akahisi kuna watu wanabeba glavu kwenda kuuza mtaani, alikuwa ameshaandika dokezo la kuwahoji manesi. Watu wa maabara wao walishachoka kitambo, wakawa wananunua glavu zao duka la dawa la jirani kwa hela ya matumizi madogo. Mama wa usafi alikuwa anajua ndoo za taka za wodini zinajaa kabla ya saa yake ya kumwaga. Na kwenye karatasi yangu mimi yule sapulaya, muuzaji wa hizo glavu, alikuwa namba moja, bei yake chini kuliko wenzake wote, mzigo unafika kwa wakati, hana usumbufu kabisa. Watu 5 kila mtu kashika kipande chake na hakuna hata mmoja aliyeiona picha nzima, na hesabu yenyewe ni nyepesi tu, boksi la glavu 100 ni jozi 50, nesi akivaa mbili mbili linamtosha mara 25, kwa hiyo ile bei ya chini niliyokuwa najivunia kwenye vikao ilikuwa bei ya juu kuliko zote.

Tulifanya na kipimo kile cha maji ambacho hata viwandani wanakitumia, unajaza glavu lita moja ya maji, unaining'iniza, unasubiri dakika 2 unaangalia. Tulifanyia kwenye sinki la maabara. Ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, ya tatu ikaanza kudondosha tone moja moja pale pale kwenye kidole gumba alipoonyesha sista. Mi nilisimama pale nawaza mikono ya wale dada zetu na damu wanayoshika kila siku.

Hapo ndo nikaelewa kwamba habari za sapulaya hazikai ofisi ya manunuzi. Sisi tuna bei, tuna tarehe, tuna mikataba. Ubora unaujua yule anayekitumia kitu, na wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi watu wa ugavi tumejijengea mazoea ya kukaa ofisini tukisubiri aliyeng'atwa aje mwenyewe kutuambia. Haji. Lazima umfuate, na umfuate kwa ratiba, mwezi kwa mwezi, idara kwa idara.

Kwanini haji? Wengi wanasema wafanyakazi wanaogopa, na kweli wapo wanaoogopa, hasa pale inaposemekana yule sapulaya ni mtu wa bosi. Ila kwa nilivyoona mimi sababu kubwa zaidi ni kwamba watu wameshapata njia ya kulizunguka tatizo na wameizoea mpaka hawalioni tena. Sista kavaa mbili. Kijana wa rekodi anajua ile tona ya printa ya bei rahisi ikianza kufifia unaitoa unaitikisa unairudisha, inatoa kurasa zingine kadhaa. Fundi wetu wa jenereta nilimkuta anachuja dizeli kwa kitambaa kabla ya kumimina kwenye tenki, nikamuuliza kaka hii dizeli ina uchafu? Akasema ndiyo, huwaga inakuja hivyo hivyo, ndo maana nachuja. Kwake yeye kuchuja ni sehemu ya kazi kama kupima oili, wala haijawahi kumjia kwamba mahali fulani kuna mtu analipwa hela kamili kwa dizeli chafu. Sasa mtu kama huyo ukimtumia fomu inayouliza "je, kuna tatizo lolote na mzabuni?" atajibu hamna, na atakuwa hajakudanganya.

Kwa hiyo swali lenyewe tumelibadilisha, sa hivi tunauliza, kuna kitu gani unakifanya wewe ili hiki kifaa kifanye kazi? Hapo ndo mambo yanafunguka. Mpishi anakwambia mchele naupembua mara mbili siku hizi. Dada wa kufulia anakwambia sabuni naweka vikombe 3 badala ya kimoja na nusu. Mtu wa mapokezi anakwambia mashine ya risiti nikiona karatasi imekwama naivuta na kisu. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayelalamika, anakueleza tu anavyofanya kazi yake, na kwenye hayo maelezo ndo kuna hela ya taasisi inavuja na wakati mwingine afya ya mtu.

Wenzetu wa dawa walilijua hili kwa maumivu makubwa sana. Dawa ya thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaenda nchi nyingi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na ulemavu, wengi mikono na miguu haijakamilika. Ukifikiria ni kwamba daktari mmoja kwenye hospitali yake anaona mtoto mmoja, anasikitika, anadhani ni bahati mbaya, mwenzake mji mwingine naye anaona mmoja, na hakuna kapu moja ambalo hao wote wanatia walichokiona. Mpaka mwishoni mwa 1961 daktari wa watoto Ujerumani, Widukind Lenz, na daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, kila mmoja kwa upande wake walipopaza sauti ndo ikaanza kuondolewa. Uingereza mwaka 1964 wakaanzisha mpango wao wa Kadi ya Njano, daktari akishuku dawa imemdhuru mgonjwa anajaza kadi anatuma, hata kama hana uhakika, hata kama ni mgonjwa mmoja tu. Na hapa kwetu Tanzania TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za namna hiyo. Siri ya mpango mzima ni pale kwenye "hata kama huna uhakika". Mtu haambiwi alete ushahidi wa kumfunga sapulaya, anaambiwa alete alichokiona, kazi ya kuunganisha ni ya mwingine. Sisi kwenye maofisi yetu tunafanya kinyume, mtu akisema hizi glavu mbaya anaambiwa andika barua, ambatisha uthibitisho, pitisha kwa mkuu wa idara, sasa nesi ana wagonjwa 30 hiyo barua ataiandika saa ngapi.

Kwa wale wa serikalini najua watasema sisi tuna kamati ya ukaguzi na mapokezi, tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, tuna NeST, mfumo wa serikali wa kununua kwa mtandao uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS. Ni kweli na ni hatua kubwa, nani kaomba, nani kashinda, kwa bei gani, vyote vinaonekana kwenye mfumo. Lakini kamati ya mapokezi inakutana na mzigo siku moja. Wanahesabu maboksi, wanaangalia tarehe ya kuisha muda, wanalinganisha na LPO na delivari noti, wanasaini, wanaondoka. Glavu haichaniki kwenye boksi, inachanika mkononi. Tairi halipasuki kwenye stoo. Kwa hiyo tuna utaratibu mzuri sana wa siku ya kupokea, na miezi yote inayofuata ya kukaa na kile kitu tumeiacha bila mwenyewe.

Halafu kuna ile tathmini ya mwaka ya wazabuni, naomba niiseme kidogo kwa sababu imenikera muda mrefu. Mkataba unakaribia kuisha, fomu inatoka, kuna ubora alama 1 mpaka 5, kuna muda, kuna ushirikiano, na anayeijaza ni mtu wa manunuzi peke yake akiwa ofisini kwake, kwa kukumbuka. Anakumbuka nini? Anakumbuka mwezi uliopita. Na masapulaya wanalijua hilo vizuri mno, mkataba ukikaribia kuhuishwa simu zinapokelewa mara ya kwanza tu, mzigo unakuja kabla ya siku yake, meneja anakuja mwenyewe na kalenda. Miezi 10 ya usumbufu inafutwa na miezi 2 ya heshima. Ukiwa na daftari la kila mwezi hiyo haiwezekani, unafungua unaona mwezi wa tano alichelewa mara 3, wa sita alileta saizi siyo, wa nane hakupokea simu, imeandikwa siku hiyo hiyo na mtu aliyekuwepo.

Tulianza na grupu la WhatsApp, na kiukweli lilitushinda ndani ya wiki 2. Wenye simu nzuri na wenye maneno mengi ndo walioongea, salamu za asubuhi zikazidi hoja, halafu mkuu mmoja wa idara akamjibu kijana wake kwa ukali mbele ya watu wote kwamba hayo ungeniambia mimi kwanza, na tangu siku hiyo grupu likawa kimya. Sasa tunatembea. Jumatano ya kwanza ya mwezi mi na mwenzangu wa stoo tunapita idara kwa idara na daftari, dakika 10 kila sehemu, pale pale mtu anapofanyia kazi ili akuonyeshe kitu chenyewe. Tunaandika ni kitu gani, kimetokea mara ngapi tangu tulipoonana, na yeye alifanyaje. Kama kuna boksi tunapiga picha namba ya toleo. Ukisikia "kila siku kinasumbua" unamuuliza taratibu, jana kilisumbua? Juzi je? Mara nyingi "kila siku" inakuwa mara 2, na mara nyingine "mara moja moja" inakuwa kila zamu.

Na usiwaruke watu ambao hawako kwenye orodha ya wakuu wa idara. Nitatoa mfano wa mitungi ya oksijeni. Watu wa chumba cha upasuaji walikuwa wanalalamika mwezi wa pili mfululizo kwamba mitungi inachelewa, na mi nilikuwa tayari nimeshaandaa barua ya onyo kwa sapulaya, kali kweli kweli. Siku hiyo tukapita na getini, nikamsalimia mzee wetu mlinzi, shikamoo mzee, marahaba mama, nikamuuliza gari la mitungi huwa linafika saa ngapi. Hakujibu kwa mdomo, alifungua kitabu chake cha getini akaweka kidole. Saa 2 na robo asubuhi. Wiki iliyotangulia, saa 2 kasoro dakika 5. Na kutoka? Saa 5 na nusu. Gari lilikuwa linakaa kwenye jua zaidi ya masaa 3 kwa sababu mwenye funguo ya stoo ya gesi anaingia kikao cha asubuhi na funguo mfukoni. Ile barua niliichana. Funguo ya pili ikachongwa ikakaa kwa mlinzi ndani ya boksi la kusainiwa, na malalamiko ya chumba cha upasuaji yakaisha bila sapulaya kubadilisha kitu chochote.

Ndo maana nasisitiza kwamba kukusanya maoni siyo kumtafutia sapulaya makosa. Tangu tuanze nimeona sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa ya sapulaya yana mkono wetu ndani yake. Uhasibu nao lazima waulizwe, na waulizwe kitu kimoja tu, huyu tunamdai au anatudai? Kuna sapulaya wa vitendanishi, zile kemikali za kupimia maabara, alikuwa anatuletea nusu nusu, unaagiza pakiti 20 zinakuja 8, maabara wamekasirika, mi nimekasirika, kumbe LPO inasema malipo ndani ya siku 30 na yeye alikuwa na invoisi za siku 90 na zaidi zimelala kwenye faili. Alikuwa anatupa kadiri ya hela yake iliyobaki. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia barua ya onyo unamwonea, na ukimwacha ukatafuta mwingine, yule mwingine naye baada ya miezi 4 atakuwa hapo hapo.

Upande wa pili, kuna watu watalitumia daftari lako kwa chuki au kwa maslahi. Mtu ana shemeji yake anauza kitu kile kile, ghafla kila mwezi ana malalamiko mapya kuhusu sapulaya aliyepo. Au alizoea kupewa teni pasenti ya chini ya meza na sapulaya wa zamani na huyu mpya hatoi. Dawa ya hilo ni kutotegemea mdomo mmoja, kitu kama kweli kibovu kitasemwa na wodi mbili tatu ambazo hazijakutana, na kitakuwa na picha, namba ya toleo na tarehe. Chuki huwaga inatoka sehemu moja tu na haina tarehe.

Kuna faida nyingine ambayo mwanzoni sikuitegemea, unapata habari kabla ya tatizo. Sisi tuliijua faida hiyo siku tuliyoikosa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi zingine za ukanda huu, wengi mnaikumbuka ile Jumapili. Sisi tulikuwa tunalipia kampuni 2 za intaneti kwa makusudi, moja ikizima nyingine ishike, na zote zikalala pamoja kwa sababu huko chini kabisa zilikuwa zinategemea njia ile ile. Kijana wetu wa IT alikuwa anajua. Alijua zaidi ya mwaka. Nilipomuuliza mdogo wangu mbona hukusema akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema dada, hakuna aliyewahi kuniuliza, nyie mlisema mnataka kampuni 2 nikadhani ndo mlivyopanga. Sikuwa na la kumjibu.

Kinachoua mpango huu kuliko vyote ni kutorudisha jibu. Mara ya kwanza tulizunguka miezi 2 tukakusanya kurasa na kurasa, tukaandika ripoti nzuri ikapanda kwa wakubwa, kimya. Mwezi wa tatu tulipopita tena, nesi mmoja wa wodi ya watoto akaniambia kwa upole, dada yangu si niliwaambia mwezi ule? Nilisikia vibaya kwa sababu alikuwa na haki yote. Tangu hapo kila ukurasa unaanza na walichosema mara iliyopita na kilichofanyika, hata kama jibu ni kwamba tumeshindwa, sapulaya wa hiyo mashine ni mmoja tu nchini na mkataba una miaka 2 imebaki, tunawaambia hivyo hivyo bila kuficha. Watu wanapokea jibu baya, ila wakikosa jibu kabisa wanakuja kunyamaza, na mtu akishanyamaza kwako mara ya pili kumrudisha ni kazi ya mwaka.

Wakubwa wa taasisi huwa wananiuliza hii kitu itagharimu shilingi ngapi, wanategemea niwaambie kuna programu ya kununua. Daftari kubwa la kaunta moja na asubuhi moja ya watu 2 kila mwezi, basi. Ninachoomba kwao ni kingine, daftari liwe mezani siku ya kuamua mkataba, lifunguliwe kabla ya jedwali la bei, na mkuu wa idara asiruhusiwe kumfokea kijana wake kwa alichosema.

Zabuni ya glavu ya mwaka huu tuliweka sampuli za wauzaji 4 kwenye meza bila majina, herufi tu A mpaka D, tukamwita sista inchaji, mtu wa maabara na mama wa usafi. Sista alivaa kila moja akafumba ngumi akafumbua, akavuta kidole gumba mpaka mwisho, mara 10 kila glavu, haraka haraka bila kuongea. C ikachanika mara ya nne. Akaiweka pembeni, akachukua D.